Fundi wa Mwandiga aliyepanda Manyovu alfajiri kulisikiliza gari langu

Tangu mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai sikuwahi kuegesha pikapu yangu mahali tambarare. Kila jioni nikirudi nyumbani Manyovu, huku milimani mkoani Kigoma, niliilaza kwenye mteremko ulio nyuma ya nyumba, pua ikitazama bondeni, gia ya rivasi, breki ya mkono juu, na jiwe kubwa chini ya gurudumu la mbele. Saa kumi alfajiri kijana wangu anatoa jiwe, mimi natoa gia, gari linaserereka kwenye ukungu, naingiza gia ya pili, naachia klachi, na Mungu akijalia linawaka kabla hatujafika kwenye kidaraja cha miti. Lisipowaka hapo basi, maana baada ya kidaraja ni kilima.

Siku mbili halikuwaka. Siku ya kwanza tulisukumwa na vijana waliokuwa wanakwenda shambani. Siku ya pili nilifika soko la Mwanga, Kigoma mjini, saa tatu asubuhi na viroba kumi na kimoja vya parachichi, wanunuzi wa jumla wameshaondoka, na nikauza kwa bei ambayo hata dizeli haikurudisha. Parachichi iliyokwisha kuchumwa haikusubiri. Nilikaa pembeni ya mzigo nikahesabu hela mara mbili, nikijua kabisa kwamba hesabu haitabadilika.

Naandika haya kwa ajili ya fundi mmoja wa Mwandiga, kule chini karibu na Kigoma mjini. Nataka kueleza alichonifanyia, na nataka kukieleza kwa urefu, kwa sababu najua tuko wengi huku juu, Manyovu, Buhigwe, Heru Juu, Kasulu hadi Kibondo, wenye magari ya dizeli yanayogoma asubuhi za kipupwe, na wengi wetu tunauziwa betri.

Gari ni Hilux ya zamani, injini ya 3L, dizeli, lita 2.8. Nililinunua kwa mtu wa Kigoma mjini ambaye naye alilitoa Dar es Salaam. Ni gari gumu na silisemi vibaya. Limebeba ndizi, maharage na parachichi kushuka, limebeba mawese na dagaa kupanda, na kwenye ile lami ya kilomita 60 kati ya Manyovu na Mwandiga halijawahi kunilaza njiani. Tatizo lake lilikuwa moja tu, kuamka.

Nieleze lilivyokuwa linakataa, kwa sababu namna ya kukataa ndiyo iliyobeba jibu, na hakuna aliyeitazama. Ukipiga selfu, stata inazunguka vizuri. Halikuwa lile la kubofya "ta!" mara moja na kunyamaza, wala halikuwa lile la kuzunguka kwa uchovu kama kinu cha mkono. Linazunguka, linazunguka, halishiki. Nyuma kwenye ekzosi unatoka moshi mweupe, mzito, unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi. Jua likishapanda, kwenye saa tatu hivi, linawaka kwa selfu mbili. Na nikishuka nalo mjini, linawaka kwa robo selfu siku nzima.

Hapo ndipo nilipoteseka. Kila nilipolipeleka mjini lilikuwa zima. Duka moja la vipuri walinipimia betri kwa kuwasha taa na kupiga honi, wakasema imechoka, nikanunua mpya, saizi ya N70, shilingi 280,000. Kesho yake Manyovu, moshi mweupe. Nikarudi. Wakasema ile niliyopewa huenda ilikuwa dhaifu, nikaongeza 120,000 nikapewa kubwa zaidi. Manyovu, moshi mweupe. Fundi mwingine akafungua stata, akaisafisha, akapaka grisi, nikalipa 45,000, akawasha mbele yangu mara tano mfululizo. "Mama, si hili linawaka?" Nilikuwa nimesimama pale kama mtu anayesingizia. Nilifika mahali nikaanza kujiuliza kama mimi ndiye nisiyejua kuwasha gari langu mwenyewe, gari nililoliendesha miaka minne.

Aliyenielekeza Mwandiga ni dereva wa lori anayebeba kahawa kutoka huku juu. Aliniambia ukifika pale njia inapogawanyika, ya kwenda Kasulu na ya kuja Manyovu, uliza fundi anayepanda mlima. Nilimkuta chini ya mwembe. Gereji yenyewe ni huo mwembe, kontena nusu la kufungia vifaa, na meza ya mbao iliyoloa oili mpaka imekuwa nyeusi kama kaniki. Mvua ikinyesha kazi inasimama. Hilo liko wazi na nitalirudia, maana ni kasoro ya kweli.

Hakufungua boneti. Aliniuliza gari linalala wapi.

Nikamwambia Manyovu.

"Linakataa saa ngapi?"

"Saa kumi, saa kumi na moja alfajiri."

"Na huku chini limewahi kukataa?"

"Hata siku moja."

Akaweka kiganja juu ya boneti kama mtu anayempima mtoto homa, akakiacha pale. "Mama, hili sasa hivi ni la moto, na hapa tuko ziwani. Nikilipima hapa nitakudanganya."

Mwandiga haiko mbali na ziwa, na Tanganyika liko mita 773 tu juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Kigoma mjini hata Julai unalala na shuka moja. Kwetu Manyovu ni milima ya mpakani na Burundi, na asubuhi ya Juni unaongea na mvuke unatoka mdomoni. Ni mkoa mmoja, ni mwendo wa saa moja na kidogo, lakini kwa injini ya dizeli ni kama nchi mbili. Mafundi wote walionipitia walijua hivyo, kwa kuwa kila mtu Kigoma anajua kwamba Manyovu ni baridi. Huyu ndiye wa kwanza kuliingiza hilo kwenye kazi yake.

Alinipa masharti. Atakuja Alhamisi jioni, atalala, na alfajiri yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuligusa gari. Liegeshwe tambarare. Mtu yeyote asiguse ufunguo usiku. Betri isichajiwe. Na jiko la mkaa lisiwekwe chini ya injini. Hilo la mwisho lilinishtua, kwa sababu sikuwa nimemwambia. Kweli kijana wangu alikuwa anaweka jiko chini ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, asubuhi nyingine, alijifunza kwa matingo wa malori. Fundi alisema aliona masizi pale chini alipoinama kidogo tu kutazama matairi.

Alikuja na Hiace ya jioni, na mkoba mmoja wa turubai. Alilala kwa shemeji yangu. Tulikula ugali wa muhogo na maharage, akazungumza na wazee habari za bei ya kahawa, gari hakulitaja kabisa.

Saa kumi na nusu alikuwa ameshasimama uani na tochi kichwani. Umande ulikuwa umetiririka kwenye kioo cha mbele mpaka kwenye waipa. Mama mkwe alikuwa ametoka kuwasha moto jikoni, akamwamkia "Mwakeye," naye akamjibu kwa Kiha chake cha huko chini, kisha akafungua boneti kwa mara ya kwanza.

Alianza na betri kabla ya kitu kingine chochote. Mita kwenye vichwa viwili: volti 12.5. Akanionyesha nisome mwenyewe. Betri ya gari iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 au juu kidogo, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na 11.8 hiyo imekwisha. Kisha akaniambia nipige selfu kwa kuhesabu mpaka nane, huku yeye akitazama mita. Ilishuka mpaka 10.3 na ikakaa hapo hapo. "Ingeshuka chini ya 9.6 ningeanza kuilaumu. Hii haina kosa."

Halafu akafanya kitu ambacho wauza betri hawakuwahi kunifanyia. Alimulika lebo ya betri yangu akanionyesha namba iliyoandikwa pembeni ya herufi CCA. Ile namba, alisema, ni ampia ambazo betri inaweza kuzitoa kwa sekunde 30 ikiwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, bila kushuka chini ya volti 7.2. Nyuzi 18 chini ya sifuri, baridi ya kugandisha maji mpaka chini ya ndoo. Huko Kanada na nchi za namna hiyo watu wanachomeka magari kwenye umeme wa nyumba usiku ili injini isigande. Ni kweli baridi hupunguza nguvu ya betri, kwa sababu asidi na risasi zinafanya kazi polepole, na betri iliyozeeka baridi ndiyo huivua nguo. Lakini baridi ya Manyovu haigandishi hata bakuli la maji. Haiwezi kuua betri mpya mbili kwa wiki tano.

Nilisimama pale na ufunguo mkononi nikifikiria shilingi 400,000. Sikusema kitu. Naye hakusema kitu juu ya hilo, na nilimshukuru kwa kunyamaza.

Hatua ya pili ilikuwa dizeli. Juu ya filta kuna kile kipampu cha kubonyeza kwa kiganja. Alikibonyeza mara mbili, kikawa kigumu. Akaniambia kama kingekuwa laini, kikahitaji kubonyezwa mara kumi au kumi na tano ndipo kikaze, basi usiku hewa inaingia mahali na dizeli inarudi kwenye tangi, na mpira uliozeeka hunywea kwa baridi na kuruhusu hewa zaidi. Gari la namna hiyo ukilibonyezea kwanza ndipo ukapiga selfu, linawaka. Langu lilikuwa gumu tangu mwanzo. Mkobani alikuwa na kipande cha mpira unaoonyesha ndani, wa kuunga kwenye njia ya dizeli ili aone mapovu. Hakukitoa.

Akaniambia nipige selfu tena, kwa kuhesabu mpaka kumi na si zaidi, kisha tuipumzishe stata nusu dakika. Alikwenda nyuma akachuchumaa karibu na ekzosi. Ule moshi mweupe ukamfunika. Akaunusa kama mpishi anavyonusa mchuzi.

"Dizeli inafika," alisema. "Imekuwa mvuke. Haijapata moto tu."

Hapo alinieleza kwa lugha ambayo nimeishika mpaka leo. Injini ya petroli ina cheche. Dizeli haina cheche, inategemea joto la hewa iliyobanwa. Kwenye injini kama yangu, hewa hubanwa mara ishirini na mbili hivi, inapata joto kali, dizeli ikirushwa na nozeli inawaka yenyewe. Lakini kama chuma chote kimelala kwenye baridi, kile chuma kinaiba joto kabla dizeli haijawaka, hasa kwenye injini za aina hii ambazo dizeli inarushwa kwanza kwenye kijichumba kidogo kwenye silinda hedi. Kwa sababu hiyo kila kijichumba kimewekewa plagi ya kupasha moto, ile tunayoiita hita, nchani inakuwa nyekundu kama kaa. Ziwani hewa na chuma vina joto tayari, gari linaweza kuwaka hata kama hita zimekufa zote. Huku juu haliwezi. Na nikilisereresha mteremkoni linawaka kwa sababu magurudumu yanaizungusha injini kwa kasi na kwa muda kuliko stata, hewa inabanwa haraka, joto halipati nafasi ya kukimbia.

Nikamwambia lakini hita zinafanya kazi, mafundi wote waliona. Kwenye dashibodi, ukiwasha swichi, ile taa ya njano yenye mchoro wa springi inawaka sekunde chache, inazima. Kila fundi aliiangalia ile taa akaendelea na mengine.

"Ile taa ni saa tu, mama. Inahesabu. Haijui kama hita zimepata moto au hazijapata."

Akatoa taa ya kupimia. Ni kitu cha bei ndogo sana, kinafanana na bisibisi yenye mpini wa plastiki unaoonyesha, ndani yake kuna balbu ndogo kama punje ya mahindi. Waya wake akaubana kwenye bodi, ncha akaigusisha kwenye kile kibanzi cha bati kinachounganisha hita zote nne juu. "Washa swichi." Nikawasha. Taa ya njano kwenye dashibodi ikawaka. Balbu mkononi mwake ikabaki giza. "Zima. Washa tena." Giza. Mara ya tatu nilishuka nikaja kutazama mwenyewe, kijana wangu akashika ufunguo. Dashibodi njano, balbu giza.

Kisha akaufuata waya kwa vidole, pole pole, kutoka kwenye hita kurudi nyuma, akipapasa kama mtu anayetafuta mwiba. Karibu na rilei, ile swichi inayopeleka umeme kwenye hita, chini ya ukuta wa injini, vidole vikasimama. Waya ulikuwa umekatwa. Ncha zote mbili zilikuwa zimefungwa vizuri kwa utepe mweusi, na utepe wenyewe ulikuwa umekauka na kushika vumbi la miaka.

Mtu aliukata makusudi. Fundi hakushangaa, alisema amekuta magari mengi ya hivyo yaliyotoka Pwani. Hita moja ikiungua vibaya inaweza kupiga shoti na kukata fyuzi kila siku. Kwenye mji wa joto fundi anaona rahisi kukata waya kuliko kubadilisha hita, na mwenye gari hatajua kamwe. Kwa hiyo gari langu lilikaa Dar halina hita, likaja Kigoma halina hita, nami nikalipandisha Manyovu. Miaka ya kwanza lilikuwa linawaka kwa shida kidogo tu asubuhi za kipupwe. Injini imezeeka, mbano umepungua kidogo, na mwaka huu halikuweza tena. Nilipenda kwamba alikubali kusema na hilo la uzee. Hakuniambia waya peke yake ndio ulioharibu kila kitu.

Alichukua waya mnene, akaunga moja kwa moja kutoka betri hadi kwenye kibanzi cha hita, akahesabu kwa sauti mpaka kumi, akautoa. "Piga."

Lilishika. Halikushika vizuri, lilitetemeka lote, kama linawaka kwa miguu miwili, tu-tu-tu, moshi mweupe ukazidi, kikombe cha chai kilichokuwa juu ya boksi la vifaa kikaanguka. Nusu dakika hivi. Kisha silinda ya tatu ikaingia, kisha ya nne, mlio ukakaa sawa, na moshi ukaanza kuisha. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro, tambarare, kwenye ukungu. Mama mkwe alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mimi nililia, na sioni sababu ya kuficha.

Aliacha injini ipate moto kwanza ndipo akafungua hita, na alinieleza sababu. Hita iliyoungua huvimba nchani, na ukiitoa kwa nguvu injini ikiwa baridi inaweza kukatika na kipande kikadondokea ndani ya silinda. Hapo umejitafutia kufungua injini. Alizitoa moja moja kwa kuzilegeza na kuzikaza tena kidogo kidogo. Kwa mita, mbili zilisoma chini ya omu moja, ndizo nzima. Mbili hazikusoma kitu. Moja ya hizo ilikuwa imevimba kama njiti ya kiberiti iliyochomwa, na ina ufa unaoingia ukucha.

Alisoma namba zilizoandikwa kwenye mwili wa hita akaziandika kwenye daftari. Hapa kuna jambo ambalo nawaomba mliweke akilini mkienda dukani: hita za magari haya zipo za volti 12 na zipo za volti 6, na kwa macho zinakaribiana sana. Ukiweka ya 6 mahali pa 12 inaungua upesi. Nenda na namba ya ile ya zamani. Neno "ya Hilux" peke yake halitoshi.

Hita nne mpya ziliagizwa Dar, zikaja kwa basi baada ya siku sita. Siku hizo sita nilitumia zile mbili nzima na waya wake wa muda wenye fyuzi, gari likawa linawaka kwa kutetemeka, lakini linawaka tambarare. Zilipofika nikashuka Mwandiga akazifunga zote nne pamoja, akaweka rilei mpya na waya mpya mnene, na ile taa ya dashibodi sasa inasema kweli.

Alinibadilishia na oili. Nilikuwa natumia namba 40, kama wengi wetu, kwa kuwa ndiyo tunayouziwa kwa ndoo. Namba 40 tupu ikilala kwenye baridi inakuwa nzito kama asali ya asubuhi, na stata inafanya kazi ya bure kuisukuma. Akaniwekea 15W-40. Hiyo W ni ya majira ya baridi: ikiwa baridi inatiririka kama oili nyepesi, ikipata moto inakuwa na uzito ule ule wa 40. Tofauti niliisikia kwa masikio kesho yake, stata inazunguka kwa kasi zaidi kabla hata injini haijashika.

Gharama yote: hita nne kwa 18,000 kila moja, rilei na waya 35,000, kazi pamoja na kupanda mlima na kulala 50,000. Jumla 157,000, na oili nililipa mbali. Kabla yake nilikuwa nimeshatoa 445,000 mahali pengine na gari bado linategemea jiwe.

Sasa kasoro zake, kwa haki. Nimeshasema hana paa. Nilipokwenda kufunga hita palinyesha manyunyu ya nje ya msimu, nikasubiri saa mbili na nusu kwenye benchi. Simu hapokei akiwa kazini, na yuko kazini siku nzima, kwa hiyo ukimtaka nenda mwenyewe. Risiti hatoi, anaandika kwenye daftari na kukuchania karatasi. Na kijana anayemsaidia aliacha kibanio kimoja cha boksi la filta ya hewa hakijafungwa, nilikiona nikiwa nimeshafika njiani. Kwenye barabara za vumbi za huku hilo si dogo, vumbi linakula injini. Niliporudi kumwambia, fundi alisimamisha kazi nyingine, akafungua filta, akafuta ndani kwa kitambaa kibichi, akamwita kijana akamwonyesha mbele yangu, kwa upole. Hakunidai. Lakini ningependa lisingetokea. Pia magari mapya yenye kompyuta nyingi hayagusi, anakwambia wazi uende kwa mwingine.

Niliuliza habari ya jiko la mkaa na habari ya kitambaa cha petroli, kwa sababu mtu mmoja aliwahi kunishauri niweke kitambaa chenye petroli mdomoni mwa filta ya hewa. Uso wake ulibadilika. Jiko liko inchi chache kutoka kwenye mipira ya dizeli na oili iliyovuja, alisema amewahi kuona pikapu iliyobaki chesisi. Na mvuke wa petroli unaoingia pamoja na hewa unaweza kuwaka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda, inapigwa nyundo kichwani. Ukifanya hivyo huku hita ni nzima na nyekundu, moto unaweza kurudi kwenye njia ya hewa mpaka usoni kwako. Kijana wangu alikuwa anasikiliza. Jiko limerudi jikoni.

Nampa nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyobaki ni ya paa na kibanio.

Ukimtafuta, shuka Mwandiga siku yoyote isipokuwa Jumapili, mwembe uko upande wa kushoto ukitokea Manyovu, kabla tu ya njia kugawanyika. Usianze kwa kumwambia unafikiri betri imekufa. Mwambie gari linalala wapi, linakataa saa ngapi, stata inazunguka au haizunguki, na moshi unaotoka ni wa rangi gani au hautoki kabisa. Akikwambia atapanda, andaa mahali pa kulala na uegeshe tambarare. Nauli ya Hiace mlipe mwanzoni, kwa sababu yeye hataidai.

Leo ni asubuhi ya ishirini na tatu tangu afunge hita mpya. Nawasha swichi, nasubiri taa ya njano izime, napiga selfu moja.